Mbweha Waliotoka Mbwa

Jumatano, tarehe 28 Agosti. Mvua ya mshazari tangu asubuhi, upepo wa kaskazini, mawingu yameshuka mpaka kwenye uzio wa juu wa malisho. Redio ilisema kaskazini yote ya Aislandi itabaki hivyo hivyo hadi mwisho wa wiki.

Siku hiyo Hallbera wa Gilsbrekka aliwafumua mbweha kwa mara ya kwanza.

Alikuwa ameketi jikoni kwenye kiti cha dirishani, sweta limemlalia mapajani kama paka mzito. Kiwiliwili kilikuwa kimekwisha na mikono yote miwili imekwisha, na vyote vitatu vilikuwa vimeshaunganishwa kwapani kwenye sindano moja ndefu ya mviringo. Kilichobaki ni mabega, ile sehemu inayozunguka kama kola pana na kupungua safu kwa safu hadi shingoni. Kiwiliwili anaweza kukifuma yeyote huku anatazama televisheni. Mabegani ndipo watu wanapotazama, na ndipo wanapomhukumu mfumaji.

Wifi yake Steinvör, dada wa mumewe, anayeishi ng'ambo ya mto, alikuja kurudisha sufuria ya kupikia jamu. Alivua viatu mlangoni, akajimiminia kahawa bila kukaribishwa, akainama juu ya sweta.

"Farasi wazuri," akasema.

Hallbera alimtupia jicho.

"Si farasi?"

"Hebu tazama vizuri, wifi."

Steinvör akavaa miwani. "Ng'ombe, basi. Ng'ombe waliokonda. Mwaka huu majani yalikuwa haba, nakubali."

"Ni mbweha."

Steinvör aliketi. Katika bonde lile hakuna mwanamke anayefuma vizuri kuliko yeye, na hakuna asiyejua hivyo, maana amewaambia wote mwenyewe.

"Mbweha," akasema polepole. "Kwenye sweta la kuvaa siku ya kushusha kondoo. Bera, una homa? Nani atasimama zizini na picha ya mla kondoo mbele ya wafugaji wa bonde zima?"

"Brandur."

Basi Steinvör akaacha mzaha kwa muda, akatia sukari kwenye kahawa yake, jambo asilolifanya kwa kawaida.

Brandur ni mtoto wa pekee wa Hallbera na mumewe Arnkell. Arnkell ni mfugaji wa kondoo kama majirani zake wote, lakini pia ndiye mwindaji wa mbweha wa wilaya, kazi aliyoirithi kwa baba yake pamoja na bunduki. Kila Juni hulala juu ya mawe mbele ya pango, upepo ukimpiga usoni, akingoja mbweha jike arudi na chakula cha watoto. Miaka mitano iliyopita alimchukua Brandur ili amfundishe. Wakangoja siku nzima. Jike akarudi, ndege mdomoni, akasimama mahali pazuri kabisa pa kulengwa. Brandur akainuka, akapiga makofi. Mbweha akatoweka kama moshi.

Arnkell alishuka mbele, bunduki begani. Walipofika uani ndipo alipofungua mdomo.

"Kama unawapenda hivyo, nenda kaishi nao."

Na Brandur, ambaye ni mtoto wa baba yake kwa kila hali, akaenda. Alipata kazi kule magharibi, kwenye hifadhi ambako hakuna mtu anayeruhusiwa kumgusa mbweha, na kazi yenyewe ni kuwahesabu na kuwatazama. Mama yake humpigia kila Jumapili. Lakini kila Septemba, watu wa bonde wanapopanda kuwashusha kondoo waliokaa mlimani kiangazi kizima, wakati hata waliohamia mbali hurudi nyumbani, Brandur hakurudi.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, alisema kwenye simu kwamba atakuja. Hallbera alifurahi hata akaahidi sweta jipya kabla hajafikiri.

"La mnyama gani?" Brandur akauliza.

"Chagua wewe."

"Mbweha." Hakucheka. "Mama, nikija nataka nije kama nilivyo. Sitaki kuja kujificha kwenye maua na nyota."

"Basi mbweha," Hallbera akasema, kana kwamba ni jambo dogo, akakata simu, akakaa kitako.

Kwake jambo lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Kijana akifika akakuta mbweha wake, atajua kwamba ndani ya nyumba hii kuna mtu anayemtaka jinsi alivyo, na pengine mwakani atarudi tena. Akikuta maua na nyota, atavaa, atashukuru, ataondoka, na huo utakuwa mwisho.

Kwa hiyo alitafuta mfano kwenye gazeti la ufumaji kutoka ng'ambo, akaunakili kwenye karatasi ya miraba. Uzi alikuwa nao: kijivu cha kutosha, na kahawia ya yule kondoo jike mmoja anayeitwa Móra, ambaye sufu yake ndiyo rangi ya mbweha wa pwani. Kahawia ilitosha sweta moja tu. Móra hanyolewi mara mbili.

"Umepunguza vitanzi katikati ya mnyama," Steinvör alisema sasa, akigusa kwa ncha ya kijiko. "Ndiyo maana umewakata masikio. Punguza kati ya mnyama na mnyama, pale ambapo hapana mtu anayetazama."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililouma. Hallbera alichomoa sindano, akavuta uzi. Kufuma huchukua jioni kadhaa. Kufumua huchukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Uzi ulirudi mikononi mwake umejikunjakunja, kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa.

"Arnkell anajua?" Steinvör akauliza akivaa viatu.

"Anajua Brandur anakuja."

"Alisemaje?"

"Alisema mlimani watu wanahitajika."

Mara ya pili aliwatenga wanyama vizuri, akapunguza vitanzi mahali palipofaa, na masikio yakabaki. Lakini alikuwa amevuta sana nyuzi zinazopita nyuma ya kazi, na mabega yakajikunyata kama mfuko wa viazi uliofungwa kamba. Sweta lile lisingepita kichwani mwa mtoto, sembuse mwa Brandur. Akafumua tena. Safari hii alifumua peke yake, akitukana kwa sauti ya chini maneno ambayo mchungaji wa kanisa lao hajapata kuyasikia kutoka kwake.

Mara ya tatu uzi ulitulia. Alifuma taratibu, akinyoosha kazi kila baada ya safu, na wanyama wakatoka wazima: pua, masikio yaliyosimama, miguu minne mirefu, mkia juu. Aliwatandaza kwenye meza ya jikoni, akarudi nyuma hatua mbili. Kulikuwa na kitu hakijakaa sawa. Hakuweza kukitaja. Alikuwa bado anatafuta kosa pale Arnkell alipoingia ametota, maana alikuwa akirekebisha milango ya zizi la chini.

Arnkell si mtu wa kutazama ufumaji. Kwake sweta huanza kuwapo siku anapolivaa. Lakini jioni hiyo alisimama nyuma ya mkewe, maji yakimdondoka, na hakuenda kuvua koti. Akanyoosha kidole kinene, akamgusa mnyama mmoja mgongoni.

"Skuggi," akasema.

Skuggi alikuwa mbwa wake wa kondoo, mweusi kama jina lake, maana yake kivuli. Alikufa wakati wa Pasaka. Arnkell alimzika mwenyewe kwenye mteremko juu ya ghala, hakuchukua mbwa mwingine, na tangu siku ile jina lile halikutajwa ndani ya nyumba.

"Rangi umekosea kidogo," akasema. "Lakini mkia ndio wenyewe. Alikuwa akisimama hivi hivi kondoo wa mwisho akishaingia." Akakohoa. "Nilidhani mbwa yule hukumjali."

Hallbera alifungua kinywa. Angeweza kusema hapo hapo. Maneno yalikuwa mafupi na yalikuwa tayari ulimini. Kisha akakitazama kile kidole, ambacho kilikuwa bado mgongoni mwa mnyama, kikimpapasa.

"Alikuwa mbwa mzuri," akasema, kwa sababu hilo angalau lilikuwa kweli.

"Mikono iwe mirefu kidogo. Sweta langu la zamani linanipanda."

Akaenda kunawa, na huku nyuma Hallbera akamsikia akipiga mluzi, ule mluzi mfupi wa kumwita mbwa aende kushoto.

Alikaa pale na sweta lake akiwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Mumewe hakuwa na kosa. Mbwa alikuwa amekufa. Gazeti la ng'ambo halikuwa na mdomo wa kujitetea. Alimkasirikia Brandur kidogo, kwa kuomba mbweha, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia Brandur. Sasa alikuwa na sweta moja, uzi wa kahawia usioongezeka, na wanaume wawili wenye mabega sawasawa.

Asubuhi simu ililia kabla hajamaliza kuosha vyombo.

"Nasikia umemfumia kaka yangu mbwa wake, marehemu Skuggi," ilikuwa sauti ya Steinvör, na nyuma ya sauti kulikuwa na kicheko kinachosubiri zamu yake. "Amempigia simu kila mtu. Mimi ni wa nne. Arnkell, ambaye hupiga simu pale tu ghala linapoungua!"

"Steinvör, nyamaza."

"Sasa nielewe vizuri, wifi. Jumatano walikuwa ng'ombe. Leo mbwa. Kesho nije kuona nini, nyangumi?"

"Nimesema nyamaza."

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mbwa wake ni mbweha."

"Mwambie wewe. Ni kaka yako."

"Mimi? Mimi nakaa ng'ambo ya mto, na napapenda."

Jumapili Brandur akapigiwa kama kawaida.

"Mbweha wangu wako wapi?"

"Wanakuja."

"Baba anajua?"

"Baba yako anajua kuna sweta."

Upande wa pili walisikika ndege wa baharini.

"Mama."

"Anajua kuna sweta, nimeshasema!"

"Nitafika Ijumaa jioni," Brandur akasema. "Kama ni matata, niambie sasa. Naweza kugeuzia njiani, si mara ya kwanza."

Hallbera akamwambia asigeuzie mahali popote na avae soksi nzito. Siku hiyo na siku iliyofuata hakufuma hata kitanzi. Sweta lilikaa kikapuni na sindano yake, na kila alipopita aliona kama mikia ile iliyoinuka inamtikisikia.

Siku tatu kabla ya Brandur kufika, Arnkell alipanda mlimani kutengeneza kibanda ambamo watu hulala usiku wa kwanza wa msako wa kondoo. Alirudi na njaa. Walikula samaki wa kuchemsha na viazi vipya, na siagi nyingi, bila maneno, kama wanavyokula siku zote.

"Nimemwona Mguu-Chini karibu na kibanda," Arnkell akasema.

Ndivyo wafugaji wa huko wanavyomwita mbweha. Watu wa kale waliogopa kulitamka jina lake halisi karibu na kondoo, wakampa majina ya pembeni, na wajukuu wakayarithi bila kuuliza. Hallbera alikuwa amelisikia jina hilo tangu anatambaa, kama mtu anavyosikia saa ya ukutani.

Akaacha kutafuna.

"Kwa nini Mguu-Chini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini anaitwa hivyo?"

Arnkell alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Kwa sababu miguu hana. Yaani anayo, lakini..." Akaweka uma chini, akachukua kiazi kirefu kutoka kwenye bakuli, akakishika karibu kabisa na meza. "Hivi. Tumbo hapa, ardhi hapa. Ukimwona kwenye majani huoni mguu hata mmoja. Hakimbii yule, anatiririka. Na uso ni mfupi, si kama wale wa ng'ambo wenye pua ya kuchomea watu. Masikio madogo, mviringo. Na mkia hainui, mbwa ndiye anayeinua. Mbweha mkia wake unamfuata tu nyuma, chini, kama kitu alichokisahau."

Hakukomea hapo. Alisema jinsi jike anavyowabwekea watoto sauti moja ya kuwatoa nje na nyingine ya kuwarudisha ndani. Alisema kuna dume mmoja upande wa kibandani ambaye amemkosa mara mbili na ambaye sasa anamtambua kwa mwendo. Kiazi kilikuwa kinatembea mezani, kinasimama, kinanusa siagi. Hallbera alimtazama mumewe, na ile sauti aliijua. Aliisikia kila Jumapili kwenye simu.

Hapo hasira ikampanda, mbaya kuliko zote za wiki ile. Miaka thelathini amelala kitanda kimoja na mtu huyu, naye akaenda kunakili mbweha wa kigeni, mwekundu, wa msituni, kwenye gazeti! Aliinuka, akachukua sweta kikapuni, akachomoa sindano.

"Unafanya nini?"

"Nafumua."

"Bera! Unamfumua Skuggi!"

"Si Skuggi." Aliendelea kuvuta uzi. "Hajapata kuwa Skuggi, Arnkell. Ni Mguu-Chini. Ni wa Brandur. Aliniomba nikamwahidi, na kwa kuwa sijui kufuma, wametoka mbwa."

Kiazi kilibaki mkononi mwa Arnkell. Akakiweka kando ya sahani yake, kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Mlimani," akasema mwishowe. "Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Mwaka huu mimi ndiye mfalme wa mlima."

Mfalme wa mlima ni yule anayeongoza msako na kumpangia kila mtu njia yake, na Arnkell alikuwa ameingoja heshima hiyo muda mrefu.

"Najua."

"Watacheka."

"Wacheke. Mimi nimechekwa wiki nzima na dada yako, na bado napumua."

Arnkell akasimama, akavaa koti, akatoka. Hakunywa kahawa. Katika ndoa yao yote alikuwa ameondoka mezani bila kahawa mara chache sana, na mojawapo ilikuwa siku ile ya makofi.

Hallbera alikichukua kile kiazi, akakiweka dirishani penye mwanga, akatoa karatasi ya miraba na kalamu ya risasi. Miguu akaipa safu mbili tu. Mgongo akaurefusha, pua akaifupisha, mkia akauteremsha mpaka ukakaribia kugusa mguu wa mnyama anayefuata. Akaanza upya, mara ya nne, kwa uzi uliochoka kufumuliwa na wenye manyoya kama kidevu cha mzee.

Kwa siku mbili Arnkell alipita jikoni bila kutazama. Alikula, akasema "asante kwa chakula", akatoka. Alikuwa na simu nyingi za kupiga kuhusu msako, akizipigia ghalani. Hallbera alifuma huku akimsikiliza akifunga milango kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Aliwaza Brandur atakavyoingia, atakavyouona uso wa baba yake, na atakavyolala usiku mmoja na kuondoka kabla ya kondoo wa kwanza kufika bondeni. Mara mbili alihesabu vitanzi vibaya kwa sababu ya mawazo hayo, na mara mbili akarudi nyuma.

Ijumaa mvua ilikata na baridi ikashuka. Brandur alifika jioni, jua likiwa bado juu ya ukingo wa mlima, kwa gari dogo lenye matope hadi madirishani. Alikuwa amefuga ndevu. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Umefika."

"Nimefika."

"Barabara?"

"Si mbaya."

Hayo yakatosha kuwafikisha mezani. Hallbera alimkumbatia mwanawe mpaka miwani ikamtoka, akamimina kahawa, akaweka maandazi ya kusokota aliyoyakaanga asubuhi. Arnkell hakuketi. Aliegemea mlango wa jikoni, kikombe mkononi, kama mtu aliye njiani kwenda kwingine.

Sweta lilikuwa juu ya kiti, shingo tu haijamalizika. Brandur akafuta mikono kwenye suruali, akaliinua kuelekea dirishani. Akafuatisha mkia mmoja kwa kidole. Hallbera akasogeza vikombe mezani.

"Mama, hawa umewaona wapi?"

"Hapo mezani."

Hakuelewa, akaendelea kutazama. "Hii ndiyo miguu yenyewe. Watu wote wanakosea miguu. Na mkia! Ndivyo anavyoubeba hasa." Akamgeukia mama yake na macho yaliyojaa maji kidogo, na Hallbera akahisi kifua kinalegea kwa mara ya kwanza tangu Julai. Kisha Brandur akainamisha kichwa. "Masikio tu."

"Masikio yamefanya nini?"

"Hayajafanya kitu. Ni makubwa kidogo."

"Makubwa sana," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Brandur hakugeuka. "Sikutaka kusema sana."

"Yule ni sungura."

"Si sungura, baba. Labda jike kijana, wa mwaka wa kwanza, manyoya yakiwa bado ya kiangazi..."

"Hata jike kijana. Masikio hayo yangeganda Januari yakaanguka." Arnkell aliacha mlango, akaja, akavuta kiti. "Mama yako nilimwambia mviringo. Nilimwambia kabisa, madogo, mviringo."

"Kitanzi kimoja kingepungua hapa, na hapa."

"Na hapa."

"Na hapo, kweli. Ukitazama kwa mbele, lile la pili halionekani kabisa."

"Halionekani. Hasa upepo ukiwa nyuma yake."

Vichwa viwili vilikuwa vimeinama juu ya sweta, kimoja cheusi na kimoja chenye mvi, na vidole viwili vinene vilikuwa vinagombania sikio moja la sufu. Hallbera alikaa katikati yao kama kikapu.

"Si kazi kubwa," Arnkell akasema. "Ni kufumua safu tano tu."

"Tano au sita," Brandur akasema.

"Nani afumue?" Hallbera akauliza.

Wote wawili wakainua nyuso. Zilikuwa uso mmoja.

"Nimefumua mara tatu! Nimefuma ng'ombe, nimefuma mfuko wa viazi, nimefuma mbwa. Nimepigiwa simu za kejeli. Nimelala na hasira na kuamka nazo. Sasa nisikilizeni. Atakayemgusa mbweha huyu hata kwa ukucha atajipikia mwenyewe mpaka Krismasi. Wote wawili!"

Brandur akacheka ndani ya ndevu zake. Arnkell akatazama kikombe chake, akakizungusha, akakitazama tena.

"Kesho utatembea na mimi," akakiambia kikombe. "Njia ya juu, upande wa kibandani. Kuna mmoja kule. Utamwangalia masikio."

Brandur akaacha kucheka. "Utabeba bunduki?"

Arnkell akakiweka kikombe mezani.

"Kesho ni kondoo," Arnkell akasema. "Kesho ni kondoo tu."

Hakuna aliyeuliza kuhusu keshokutwa. Hallbera alimaliza shingo ya sweta jioni ile ile, akikaza kila kitanzi kama anayefunga gunia, na masikio akayaacha yalivyo.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na umande ulioganda na anga safi. Aliwafungia nyama ya kondoo ya moshi na mikate, akasimama uani akiwatazama wakipanda farasi. Brandur alikuwa amevaa sweta bila koti, na mbweha wakamzunguka mabegani, matumbo chini, mikia chini, masikio juu. Walipovuka kivuko cha mto, hewa ilikuwa tulivu hata akasikia kila kitu kutoka ng'ambo.

"Sungura!" Steinvör alikuwa anapiga kelele langoni kwake. "Jamani, njooni mwone! Bera amefuma sungura!"

"Mbweha, shangazi!" Brandur akajibu.

"Tazama miguu, wewe mwanamke," ikafuata sauti ya Arnkell. "Kabla hujasema, tazama miguu."

Hallbera alirudi ndani, akafunga mlango, akajimiminia kahawa. Kisha akatoa uzi mweusi, ambao alikuwa nao tele, na sindano fupi, akaanza kipande kidogo cha kujaribia sweta la Arnkell: mbwa mmoja tu, mkia juu, wa rangi yake halisi. Alifuma safu za miguu bila kutazama karatasi, maana mbwa alikuwa amemfuma mara moja bila hata kukusudia. Alipofika tumboni akakinyoosha kipande mezani.

Miguu ilikuwa imetoka mifupi. Akafumua.